Maswali ya Jikoni: Wageni wanane, plati mbili na jiko la mkaa

Shikamooni wapishi. Jumamosi wakwe zangu wanakuja kutoka Mpwapwa, tutakuwa watu wanane mezani. Nataka wakae wahudumiwe, sahani moja baada ya nyingine, na kila kitu nikipike mwenyewe. Nina jiko la gesi la plati mbili, jiko moja la mkaa na friji ndogo. Oveni sina. Nianzie wapi?
*Msomaji, Ipagala, Dodoma*

Marahaba. Anzia Alhamisi usiku.

Mlo wa namna hii haumshindi mtu kwa ugumu wa mapishi. Unamshinda kwa sababu sufuria nne zinadai moto kwa wakati mmoja na majiko ni matatu. Kwa hiyo chagua vyakula viwili vinavyopikwa jana yake na kimoja kinacholiwa baridi. Usiku wenyewe moto ubaki kwa kupasha, na kwa vitu viwili tu visivyopenda kusubiri: wali na mchicha. Tunakupendekezea supu ya boga, saladi ya njugu mawe, mbuzi wa rojo zito, kisha krimu karameli, kitindamlo cha maziwa na mayai (ipike Ijumaa; mapishi yake yako kwenye jibu la msomaji wa Manyoni hapa chini).

Alhamisi usiku loweka njugu mawe kavu gramu 300, kama kikombe na nusu. Ijumaa mwaga maji hayo, zichemshe kwa maji mapya saa moja na nusu hadi mbili. Maji ya kisima yenye madini mengi huzifanya zikatae kuiva. Ongeza magadi soda robo kijiko cha chai, isizidi, la sivyo zitanuka sabuni. Ndimu na nyanya zisiguse njugu kabla hazijalainika, maana uchachu hukaza ganda na hapo utachemsha hadi usiku. Zikiiva zipoe, zichanganye na mafuta ya alizeti vijiko 3 na chumvi, uziweke kwenye friji. Kitunguu, nyanya, giligilani na ndimu ni vya Jumamosi jioni.

Sasa mbuzi, na hapa usifanye haraka. Nunua paja au mkono kilo 2 na nusu pamoja na mfupa. Mwombe mwenye bucha akate kwenye maungio au atumie msumeno, kwa sababu shoka huacha vipande vya mfupa ambavyo mgeni atavikuta mdomoni. Unataka vipande 16, viwili kwa kila mtu. Vikaushe kwa kitambaa, vipake nusu ya chumvi uliyokusudia (nusu nyingine itatiwa rojo likishapungua), uvikaange vitano vitano kwa mafuta ya alizeti, dakika 3 kila upande. Ukivijaza vyote kwa pamoja sufuria inapoa, nyama inatoa maji na kuanza kujichemsha. Rangi ya kahawia haiji, na ladha ya rojo iko kwenye rangi hiyo.

Toa nyama. Kwenye mafuta yaleyale kaanga vitunguu 4 vikubwa vya Singida kwa moto wa wastani dakika 15 kamili hadi viwe na rangi ya asali iliyokolea. Fuatisha saumu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba, binzari nyembamba kijiko cha chai, kijiti kimoja cha mdalasini na nyanya 4 zilizokunwa. Nyanya zikikauka, mimina divai nyekundu ya Dodoma ml 250, ichemke hadi ibaki nusu. Soma chupa kabla ya kununua: iwe divai kavu. Ile tamu ikipungua inakuwa kama sharubati na kuharibu mchuzi mzima. Kama nyumba yako haitumii divai, ukwaju gramu 50 uliolowekwa katika kikombe cha maji moto na kuchujwa unafanya kazi nzuri kabisa, na sisi tunauona haupungui chochote mbele ya mbuzi.

Rudisha nyama, tia maji ya moto yafike nusu ya vipande, funika, punguza moto hadi povu lipande moja moja. Saa 2 hadi 2 na nusu. Moto mkali unakamua nyama ikawa kavu kabla ule utando mgumu haujayeyuka. Moto mdogo ndio unaougeuza utando kuwa ulaini na uzito wa rojo. Imeiva pale uma unapoingia na kuzunguka bila kupingwa, huku nyama ikiwa bado imeshika mfupa.

Usiiache jikoni usiku kucha. Ihamishie kwenye chombo kipana, kiweke ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge mara kwa mara, na ndani ya saa 2 iwe imeingia kwenye friji. Jumamosi utakuta mafuta yameganda juu. Yatoe karibu yote. Mafuta ya mbuzi huganda mapema kuliko ya kuku, hata kwenye ulimi. Ndiyo maana sahani za awamu hii lazima ziwe za moto: zizamishe kwenye maji ya moto dakika 5, zifute, pakua papo hapo. Ukisahau hili, mgeni atabaki na utando mweupe midomoni, na kazi yote ya Ijumaa imepotea.

Jumamosi asubuhi pika boga kilo 2. Limenye, likatekate, liweke kwenye sufuria na kitunguu kilichokaangwa, tangawizi na chumvi, maji nusu kikombe tu, ufunike dakika 20. Boga lililoiva kwa mvuke wake lina ladha. Lililozamishwa kwenye maji limeimwaga ladha hiyo humo. Saga kwa blenda, tia tui zito la nazi moja, kisha punguza kwa maji ya moto hadi supu idondoke kwenye upawa bila kukatika. Ukishatia tui usiiache ichemke kwa nguvu, litakatika.

Ratiba ya jioni, wageni wakikaa mezani saa 1 na nusu usiku: mkaa uwashwe saa 12 na nusu. Saa 1 kamili wali uwe juu ya mkaa, mbuzi plati ya kwanza kwa moto mdogo, supu plati ya pili. Supu ikitoka, plati yake ichemshe maji ya sahani. Wageni wakiwa kwenye saladi, mchicha unaingia hapo dakika 4, bila kifuniko ili ubaki kijani. Mbuzi lazima achemke hadi katikati ya sufuria, siyo kingoni tu. Wageni wakichelewa nusu saa, kinachoumia ni wali pekee. Uache umefunikwa, makaa ya juu uyatoe.

Nimehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya kazi. Mchele uleule, sufuria ileile, kipimo kilekile, lakini wali wangu hapa unabaki na kiini. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Kisasa, Dodoma*

Ni mwinuko. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100. Chakula kinaiva polepole, na wakati huo maji yanaendelea kupotea. Kwa kila kikombe cha mchele ongeza vijiko 2 vya chakula vya maji juu ya kipimo chako cha Pwani. Kama ulizoea kikombe kimoja kwa kimoja na nusu, basi vikombe 4 vya mchele sasa vinataka vikombe 6 na nusu vya maji. Maji yakikaribia kukauka, funika kwa sinia au kifuniko kinachobana, palia makaa juu, na uache dakika 20 badala ya 15. Usifunue kuchungulia. Maharage na makongoro nayo yanadai muda zaidi hapa; sufuria ya presha inalipa gharama yake.

Krimu karameli yangu inatoka na vitundu kama sifongo, na majimaji chini. Mara ya pili nilitia unga wa ubuyu kwenye maziwa ili iwe na ladha ya nyumbani, yakakatika kabisa.
*Msomaji, Manyoni*

Vitundu ni alama ya moto mkali. Mayai na maziwa hushikana kabla maji hayajafika kuchemka; yakipita hapo, mayai yanajikunja na kukamua maji yake. Maji yaliyo nje ya vikombe hayatakiwi kuchemka hata kidogo.

Kwa vikombe 8 vidogo pima maziwa ml 600 yaliyokwisha kuchemshwa, mayai 5, sukari gramu 80. Kwanza karameli: sukari gramu 150 na maji vijiko 3 kwenye sufuria safi. Ikishayeyuka weka mwiko pembeni, kwa sababu ukikoroga itarudi kuwa punje. Iepue ikifika rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Sufuria ikiwa ya moto itaendelea kuiunguza yenyewe, na hatua kati ya tamu na chungu ni sekunde chache. Igawe kwenye vikombe.

Maziwa yawe vuguvugu, kidole kivumilie. Koroga mayai na sukari taratibu bila kuumua povu, mimina maziwa kidogo kidogo, chuja, acha dakika 10 mapovu yatoke. Tandika kitambaa chini ya sufuria pana, panga vikombe, tia maji ya moto hadi nusu yake. Kifuniko kivishe kitambaa ili mvuke usidondokee krimu. Kwenye mkaa, tumia makaa machache yaliyofunikwa majivu. Dakika 25 hadi 35. Toa wakati kingo zimeshika na katikati panatetemeka kama mtindi mzito. Kisha friji usiku kucha; muda huo ndio unaoyeyusha karameli iwe mchuzi.

Ubuyu una asidi nyingi, na asidi hukata maziwa ya moto. Wazo lako ni zuri, mahali ndipo pamekosewa. Pika ubuyu kando: unga vijiko 3 vya chakula, maji moto ml 200, sukari vijiko 4, chuja, chemsha dakika 5 hadi uwe mzito wa kupaka kijiko, poza, mwagia kijiko kimoja kando ya krimu ukishaigeuza. Uchachu ule juu ya karameli ni mtamu mno.

Baba mkwe ni Mgogo, na mlo kwake bila mlenda haujakamilika. Wenzangu wanasema mlenda haufai kwenye meza ya heshima.
*Msomaji, Kongwa*

Hatukubaliani nao hata kidogo. Utengee awamu yake, ya kwanza, kwenye bakuli ndogo la mikono miwili, pamoja na tonge moja la ugali wa uwele kwa kila mgeni na maji ya kunawa yapitishwe kwa birika. Kwa watu wanane: maji vikombe 3, nyanya 2 zilizokatwa, chumvi, magadi kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Yakichemka nyunyiza mlenda wa unga vijiko 4 vya chakula huku ukipekecha, usije ukafanya mabonge. Acha wazi; ukifunika utafurika na kuzima moto. Baada ya dakika 5 tia karanga zilizosagwa nusu kikombe zilizokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, dakika 8 nyingine kwa moto mdogo. Ukiuinua kwa mwiko uvutike kisha ukatike. Ukivutika bila kukatika, magadi yamezidi. Ongeza nyanya moja iliyokunwa.

Upakue mara moja, kwa kuwa mlenda ukipoa unakuwa mzito na ugali wa uwele unafanya ganda. Ukiuweka kwenye ratiba ya msomaji wa Ipagala, toa saladi, siyo supu.