Nikimpelekea mwenzangu sindano mpya, nimevunja sheria?

SWALI: Salaam aleikum Shangazi. Niko Mombasa, miaka 34, unga (heroini) nimeacha, methadoni, ile dawa ya kunisaidia nisirudi kwa unga, nainywa kituoni mwaka wa pili huu. Kuna jamaa zangu wa maskani bado wanajidunga na kituoni hawataki kuja, wanaogopa kuonekana, mmoja ni dada ana mtoto mchanga yeye anahofia atanyang'anywa. Basi mimi huchukua pakiti za ziada za sindano nawapelekea. Juzi askari wa doria wakanishika, wakazifungua moja moja wakazikanyaga kwa mchanga, ati hiyo ni kesi, nikatoa mia tano ndio wakaniacha. Kweli ni kosa? Na zilizotumika nizirudishe vipi?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera, manake najua kupanga foleni ya methadoni kila asubuhi si mchezo.

Haya. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994, kifungu cha 5, haikuishia kwa unga wenyewe, inamshika pia mtu aliye na kiko au chombo chochote cha kutumia unga, na ilipotungwa adhabu yake ilikuwa faini ya shilingi 250,000 au jela hadi miaka 10 au vyote viwili. Neno ni hilo tu, "chombo", na askari akitaka sindano iingie humo ataiingiza. Kituko ni kwamba wizara ya afya ya serikali hiyo hiyo imekubali sindano safi zigawiwe zaidi ya miaka kumi sasa, yaani huyu anakupa pakiti na mwenzake anakungoja kwa kona.

Mimi niliwahi kwenda maskani na wahudumu, nikaona bomba moja la sindano namba zake zimefutika zote kwa kutumika, na kijana ananoa sindano kwa ubavu wa kiberiti ule wa kuwashia, kisha akampa wa pili na wa pili akampa wa tatu. Hapa Kenya takwimu inayotajwa sana ni kwamba karibu asilimia 18 ya wanaojidunga wana VVU. Na homa ya ini C ndio mbaya zaidi, maabara wamekuta virusi vyake bado vizima ndani ya bomba baada ya siku 63. Kwa hiyo ulichobeba wewe siku ile ilikuwa kinga, wala sioni haya kusema hivyo.

Uingereza walipotunga kifungu cha kukataza kugawa vifaa vya dawa za kulevya mwaka 1986, bomba la sindano walilitoa nje waziwazi, yeyote anaweza kumpa mwenzake. Lakini vijiko na vichujio, ambavyo navyo hubeba virusi, waliruhusu 2003 tu na kwa madaktari, wafamasia na wahudumu, rafiki wakamsahau. Sisi tusirudie hilo. Kifungu chetu kiseme sindano, kijiko, pamba na maji si kosa, na anayempa mwenzake bure asishtakiwe hata kama hana kitambulisho cha kazi, manake yule dada mwenye mtoto hatamfungulia mlango mfanyakazi wa kituo, atakufungulia wewe. Na lile tone linalobaki kwenye bomba lililotumika lisihesabiwe kuwa ni kukutwa na unga, la sivyo nani atarudisha? Watazitupa ufukweni, watoto wazikanyage.

Mpaka wabunge waamke, ongea na kituo chako wakuandikishe mwelimisha rika, upate kitambulisho na namba ya msaidizi wa sheria. Ukishikwa usibishane na usitoe hela, hiyo mia tano imewafundisha njia ya kwako. Una haki ya kunyamaza na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, iko kwa katiba kifungu cha 49.

Zilizotumika: omba kile kiboksi cha manjano kituoni, kikikosekana tumia mtungi mgumu wa plastiki wenye kifuniko cha kuzungusha. Kila mtu aingize yake mwenyewe, wewe usishike, na msirudishe kifuniko cha sindano kwa mkono. Ukijaa robo tatu funga, peleka asubuhi ukienda kunywa dawa.