Waliopanda Action Directe baada ya Güllich
Umeuliza kama kuna mwingine aliyeipanda Action Directe, njia ya kukwea mwamba, baada ya mkweaji Mjerumani Wolfgang Güllich kuifungua (kuwa wa kwanza kuipanda) 1991. Wapo, ila si wengi. Alexander Adler alikuwa wa pili, 1995. Mwanamke wa kwanza ni Mfaransa Mélissa Le Nevé, 2020. Iko Frankenjura, Ujerumani, na ugumu wake ni daraja la 9a, kati ya magumu kabisa. Kwa urefu wala haitishi, Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba pale Hell's Gate, Kenya, unaipita. Balaa ni vishimo vya kushikia: kimoja kinaingia vidole viwili, kingine kidole kimoja tu, na mwanzoni kabisa lazima uruke udake kishimo. Güllich alijinoa kwa kurukia vipande vya mbao, miguu ikining'inia. Mimi nilijaribu kwenye fremu ya mlango Jumamosi, sekunde tatu tu. Hadi leo kumega ugali ni kazi.