Mchicha wa nia njema ulioniozea jikoni

Baba watoto alipoambiwa ana sukari, nilikata shauri siku ile ile: wali upungue, mboga ziongezeke. Asubuhi nikenda sokoni hapa Wete, nikarudi na mafungu manne ya mchicha, matembele, bilingani na boga zima. Siku ya tatu mchicha umegeuka manjano, mashina yanateleza mkononi, maji ya kijani yametuama chini ya kapu. Mwezi ule nilitupa mboga nyingi kuliko nilizopika, na iliniuma sana.

Kosa langu ni kuongeza mboga huku wali nikiupika vile vile. Kwetu sinia likirudi tupu, huonekana watu hawakushiba. Sasa aliyejaa wali ataugusa mchicha saa ngapi? Nikawa natupa vyote viwili. Nami nikidhani wanaotupa chakula ni mahoteli ya watalii! Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa inasema asilimia 60 ya chakula kilichotupwa na maduka, mikahawa na majumba duniani mwaka 2022 kilitoka majumbani.

Kwa hiyo anza na mchele. Sisi ni sita. Vibaba viwili nilivyokuwa nikiteka usiku nimevifanya kimoja. Wiki ya kwanza mama mkwe aliniita pembeni: "Mwanangu, kuna dhiki?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni sukari ya mwanao." Tangu hapo yeye ndiye mwalimu wangu. Alinikalisha kwenye mbuzi, nikakuna nazi, huku yeye akimenya majani ya boga: anavunja kikonyo, anauvuta uzi mpaka chini ya jani, kisha anakata. Majani hayo miaka yote nilikuwa nawapa mbuzi.

Mboga nunua ya siku ile. Ikizidi, usiioshe mpaka utakapopika, maji ndiyo yanayoiozesha upesi. Muhogo na shelisheli chemsha badala ya kukaanga, ila navyo ni wanga. Mwenye sukari asijaze sahani kwa kuwa tu si wali.

Na wali uliobaki, tafadhali, usiulaze chini ya kawa usiku kucha halafu watoto wale kabla ya kwenda skuli. Kwa joto letu hili huota vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki hata uupashe moto. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, na kesho upashe mpaka utoe mvuke.

Ramadhani iliyopita sikungoja futari ibaki. Kabla ya adhana nilipakua bakuli la jirani kwanza, la moto, ndipo nikatandika mkeka wetu.