Kama wikendi hauko nyumbani, usipande bamia

Dada, umeuliza kama mtu anayecheza na kikundi cha ngoma, anayeondoka Ijumaa na kurudi Jumatatu akiwa hoi, na Desemba nzima yuko barabarani, anaweza kulima mboga uani kwake Kireka, karibu na Kampala, zisimfie. Ukauliza pia kama ununue mipira ya umwagiliaji wa matone. Mimi ni mpiga ngoma, naishi Masese hapa Jinja, Uganda, na mboga za kwangu nyingi zinatoka uani. Inawezekana. Mipira iache kwanza. Ulizosema unataka kupanda ni nyanya, bamia na matango, na hizo zote ni mboga za mtu anayeshinda nyumbani.

Chukua bamia. Ikishaanza kuzaa inataka kuchumwa kila baada ya siku mbili. Shika ncha uikunje kwa kidole gumba: ikikatika kwa mlio, hiyo ni laini; ikipinda bila kukatika, hata uichemshe kutwa utatafuna kamba. Na ukiyaacha matunda yaliyokomaa pale juu, mmea unapunguza kuzaa, maana mbegu umeshapata. Nyanya ndiyo usiseme. Zinataka kufungwa kwenye miti, kupunguzwa vichipukizi, na mvua zikizidi zinataka dawa ya ukungu. Ugonjwa wa bakajani ukiingia unamaliza tuta zima kwa siku chache, na siku hizo wewe uko Fort Portal unakata kiuno kwenye harusi ya watu. Kama huwezi kuishi bila nyanya, panda zile ndogo ndogo za mviringo, zina uvumilivu kidogo.

Sisi tunataka mboga inayosubiri. Sukuma wiki ukichelewa siku tano majani yanakuwa makubwa tu, basi. Unachuma ya chini, unaacha manne au matano ya juu, mmea unaendelea kwa miezi. Nakati, ile mboga ya majani jamii ya nyanya chungu, usiing'oe na mizizi kama wanavyofanya wanaopeleka sokoni. Kata kwa kisu, acha kisiki cha kama vidole vitatu, itachipua tena. Entula, yaani nyanya chungu, zikipitiliza zinageuka nyekundu na uchungu unazidi, lakini unazitupa hizo na mti unaendelea kuzaa. Matembele, kisamvu na majani ya maboga hayakulalamikii hata ukipotea wiki mbili. Dodo, yaani mchicha, ndiyo ya katikati: inaliwa baada ya wiki tatu hadi nne tangu uimwage, ila ukichelewa inapandisha maua na majani yanakakamaa. Hiyo uimwage pale tu unapojua utakuwepo.

Sasa kalenda, na hapa ndipo wasanii wengi niwajuao wanakata tamaa bila sababu. Wanasema hawana muda. Muda upo, ila hauji kwa wiki, unakuja kwa msimu. Kwaresima makanisa mengi hayafungishi ndoa, kwa hiyo Jumamosi zinakuwa tupu, na mfukoni pia. Lakini Kwaresima daima inaangukia kati ya Februari na Aprili, na mvua za kwanza huku kwetu zinaingia Machi. Njaa ya kazi na msimu wa kupanda vinakuja pamoja! Februari, jua likiwa bado kali, natia mbegu za sukuma kwenye beseni kuukuu lenye matundu, namwagilia kwa maji yaliyooshea mchele. Miche inahitaji wiki nne hadi sita, na mvua ikishika inaingia tutani. Ramadhani nayo inapunguza harusi za Waislamu, ila hiyo usiijengee mpango wa kudumu kwa sababu kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11.

Mvua za pili, kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba, ni ngumu zaidi. Kazi za kwanjula, zile sherehe za Waganda za kumtambulisha mchumba nyumbani kwa kina bibi harusi, zimerudi, sherehe za Uhuru tarehe 9 Oktoba zinakuita, halafu Desemba inafika mvua ikiwa inakatika. Kwa hiyo msimu huo sipandi kitu cha kubembeleza. Tuta la Desemba ni la viazi vitamu na maboga, na entula zilizokwisha kushika mizizi, zikiwa zimefunikwa nyasi kavu unene wa kiganja. Ukirudi Januari utakuta chakula. Nyasi usizibananishe na shina, acha nafasi kidogo, la sivyo shina litaoza na mchwa watahamia.

Kuhusu mipira ya matone: inafanya kazi vizuri ikiwa una tangi lililoinuliwa, chujio, na mtu wa kuangalia vitundu visizibe. Huna. Maji ya bomba yakikatika Ijumaa jioni, mipira yako itakuwa mapambo. Kwa biringanya au pilipili chache, chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano, ikate kitako, ichomeke kichwa chini karibu na shina kisha uijaze. Inakuvusha siku mbili tatu na haikugharimu kitu. Maji ya bafuni yaelekeze kwenye majimbi, usiyamwagie majani ya kuliwa.

Lakini chupa na nyasi zote hazimfikii jirani. Wengi tunampa kijana shilingi elfu mbili tatu amwagilie. Kijana anapitisha maji juu juu, udongo unalowa ngozi tu, chini kukavu, naye amemaliza kazi kwa haki yake. Mimi nilimwambia mama wa nyumba ya pili: nikiwa sipo, chochote kilichofika kuliwa ni chako, chuma bila kuuliza. Tangu hapo anatia kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Na kuchuma kwake ni faida yangu, kwa sababu mboga zikivunwa ndipo zinachipua. Sharti ni moja: usirudi ukaanza kuhesabu majani. Ukiwa na roho ya kuhesabu, heri ununue sokoni.

Jambo ambalo wakulima hawatakuambia kwa sababu haliwahusu: jembe na jukwaa vinakula mgongo uleule. Ukilima Alhamisi, Jumamosi Tamenhaibuga, ile ngoma ya Wasoga, itakushinda kabla ya wimbo wa pili. Sisi wa ngoma tuna viganja pia, lengelenge la mpini likipasuka kwenye ngozi ya ngoma utaimba tofauti. Lima Jumanne. Na usilime kila msimu. Inua matuta mara moja, usiyakanyage, baada ya hapo ongeza mbolea ya kuku iliyooza sawasawa na utumie kijiti kupandia.

Wanaokucheka kwamba msanii na bustani wapi na wapi, waambie habari ya bigwala, zile tarumbeta za vibuyu za huku Busoga zinazopigwa kwa kupokezana, kila moja ikiwa na sauti yake. Mwaka 2012 UNESCO iliziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na katika kazi ya kuzirudisha ilibidi vibuyu vyenyewe vilimwe, vilikuwa vimeadimika. Mimi nina mche mmoja wa vibuyu kwenye ua, kwa ajili ya manyanga. Hakuna zao la msafiri kama hilo: unakiacha juu mpaka kikauke chenyewe, uwe Gulu au Nairobi.

Na safari zenyewe zitumie. Malakwang yangu, ile mboga ya majani machachu ya Waacholi, ilitoka Gulu, nilipewa mbegu na mama aliyetupikia siku ya sherehe, na hapa Jinja imekubali vizuri tu. Ukiipika na odii, ule uji mzito wa karanga au ufuta uliosagwa, utasahau nyanya.

Umesema kuku wa majirani wanaingia. Usigombane na mtu. Chandarua kilichochakaa, fito nne, funika tuta la miche mpaka ifike magotini. Ikishapita hapo, kuku wanakula wadudu zaidi kuliko mboga. Mbuzi ni kesi nyingine, hao wanahitaji ua wa kweli.