Kabla ya kukubali timu: jibu kwa msomaji wa Morogoro

Wiki iliyopita msomaji wa Morogoro, anayemaliza shahada ya sayansi ya siasa, aliniandikia: "Shikamoo, Profesa. Nataka kufundisha Marekani kama wewe. Nianzie wapi?" Marahaba. Barua yako imenikuta siku mbili baada ya timu yangu kufuzu fainali za taifa, hivyo univumilie nikijisifu kidogo.

Miaka ya uzamivu naipita. Ilikuwa maktaba na tambi. Chuo kidogo cha Iowa kiliponiajiri, nilikabidhiwa timu ya mahakama ya kuigiza, yaani mashindano ambamo wanafunzi huigiza mawakili na mashahidi wa kesi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kumbe mchezo huu una mizizi hukohuko: mwaka 1985 Richard Calkins, mkuu wa shule ya sheria ya Drake University mjini Des Moines, Iowa, alianzisha American Mock Trial Association, chama kinachosimamia mashindano haya ya vyuo. Kila mwaka chama hicho hutoa kesi ya kubuni katika jimbo la kufikirika liitwalo Midlands, na kila upande husimamisha mawakili watatu na mashahidi watatu.

Msimu wangu wa kwanza niliwaandikia wanafunzi kila neno, hata mahali pa kunyamaza. Katika maswali ya dodoso, yaani yale ambayo wakili humuuliza shahidi wa upande wa pili, shahidi wa wapinzani akajibu "Sikumbuki" pale karatasi yangu ilipotarajia "Ndiyo". Wakili wetu, binti mwerevu kuliko mimi, akafunua kurasa, akafunua tena, ilhali hati ya kiapo ya shahidi huyo, yenye jibu lote, ilikuwa mezani hatua mbili nyuma yake. Jaji mmoja alimpa 4 kati ya 10. Alilia njia nzima ya kurudi, na kosa lilikuwa langu.

Nilipoomba kupandishwa cheo, kamati iliitaja miaka yangu sita ya Jumamosi nilizotumia kufundisha timu kwa maneno matatu: "shughuli za ziada." Bado inaniuma. Kwa hiyo, kabla hujakubali timu, dai kwa maandishi kazi hiyo itahesabiwaje, na utafiti wako usiuache ulale. Kisha acha kukariri, na usiwakaririshe wengine! Sisi tuliolelewa kwa kunakili ubaoni tunadhani kujua ni kurudia, ilhali haki ya mshtakiwa kukabiliana na mashahidi, iliyomo katika Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, mwanafunzi huielewa siku anaposimama mwenyewe kuuliza.

Yule binti sasa ni wakili na hunisaidia kufundisha. Mazoezi yakianza, hupita akikusanya karatasi zote, zangu zikiwa za kwanza.