Chupa ya hewa ukaa inakata viputo kipindi cha baridi: iache hamira kwanza

Mkuu wa Mafinga, umesema chupa yako ya hamira na sukari, ile ya kulisha mimea ya tangi hewa ukaa (CO2), inatoa viputo vizuri mchana, usiku inakata, na juzi umeamka ukakuta maji ya tangi la samaki yamerudi mpaka ndani ya chupa. Na hamira umeshabadilisha mara tatu. Hamira haina kosa. Mimi niko Uyole, nafuga mimea ya majini mwaka wa sita huu, na kuna Juni moja nilimaliza kilo nne za sukari kwa mwendo huohuo.

Shida ni kwamba maelekezo mengi tunayofuata ni ya watu wa joto. Dar chupa ikikaa tu sebuleni inachacha yenyewe. Kwangu alfajiri ya Julai kipimajoto kilisoma nyuzi 13 sakafuni, na hamira inataka nyuzi 25 hadi 35 ndipo ichape kazi. Ikipoa hivyo haijafa, imelala. Ukiongeza nyingine, jua likitoka zote zinaamka pamoja, sukari inaisha siku mbili. Nusu kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya sukari kwenye chupa ya lita 2 inatosha sana.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa mtaani anayepika komoni. Alifuata sufuria lake, akaiona chupa sakafuni, akasema, "Baba, hiyo pombe mbona umeiacha inapigwa baridi? Ifunike." Nikaivalisha sweta kuukuu na kuipandisha juu ya stuli. Asubuhi viputo vilikuwepo, vichache, lakini vilikuwepo.

Maji kurudi nako ni baridi hiyohiyo. Hewa ya kwenye chupa ikipoa inasinyaa, inavuta maji kupitia mpira unaoingia kwenye tangi, na kwa kuwa chupa iko chini ya tangi, yakishaanza kushuka hayasimami. Weka valvu ya njia moja. Ipulize kwa mdomo kwanza ujue inapitisha upande gani, na irudie kila baada ya miezi michache, maana zile za plastiki za bei rahisi huchoka zikitumika na hewa ukaa.

Ukishaipasha joto na viputo bado ni haba, pakaa povu la sabuni ya vyombo kwenye kifuniko na kila kiungo. Kwangu palipovuja ni kifuniko: nilitoboa tundu kubwa nikaliziba kwa silikoni, na silikoni haishiki kwenye plastiki ile hata uifanyeje. Achana na gundi. Toboa kwa msumari wa moto tundu dogo kuliko mpira, kata ncha ya mpira mshazari, ipenyeze, kisha ivute kwa plaizi mpaka ibane. Mpira wa dripu wa duka la dawa unafaa kabisa. Ila kile kigurudumu chake usikibane mpaka mwisho! Hamira huwezi kuizima, na hewa ikikosa njia kitu kitaruka. Sebule yangu ilinuka pombe wiki nzima, na wakwe walikuwa njiani.

Sasa sikia kosa lililoniuma. Baada ya kujiona fundi, jioni moja niliitumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji ya moto kiasi, nikaenda kulala nikisikia raha. Mimea inatumia hewa ukaa kukiwa na mwanga tu. Gizani na yenyewe inaitoa. Asubuhi gapi, samaki wangu wadogo, walikuwa juu wanahema, saba wamekufa. Tangu hapo chupa inakaa kwenye ndoo ya maji yenye hita ndogo ya tangi, nyuzi 25, mchana tu. Taa ikizimwa nachomoa mpira ndani ya tangi, nauacha uning'inie nje, nawasha pampu ya hewa. Samaki wanapumua, na chupa ikipoa usiku haina maji ya kuvuta. Kile kichupa cha rangi kinachokaa ndani ya tangi kupimia hewa ukaa nacho kinafaa, kijani ndiyo sawa, njano ni hatari, bluu ni kidogo, lakini kinachelewa saa moja au mbili, kwa hiyo usikitegemee wakati samaki tayari wanahema.

Ukija kununua mtungi wa hewa ukaa badala ya hamira, baridi itakudanganya tena. Geji ya mtungi ambao bado una kimiminika inasoma mgandamizo wa kama baa 57 kwenye nyuzi 20, lakini kwenye nyuzi 10 inashuka mpaka kama 45. Jirani yangu aliupeleka wake kujazwa ukiwa haujatumika hata nusu. Upime kwenye mizani.

Na hao mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, unaotaka kuwaleta kutoka Matema uwaongeze, hapana. Wanataka maji yenye pH (kipimo cha uchachu) karibu na 8, wewe unaishusha kwa hewa ukaa, na hiyo mimea wataitafuna.