Ramirezi, multi na maji ya kisima: maswali yenu ya tangi

Maswali ya safari hii karibu yote ni ya samaki wa tangi waitwao sikilidi, wale wadogo kama ramirezi, multi na kribi, hawa ndugu wa perege wasiozidi urefu wa kidole. Nimeyafupisha kidogo.

Shikamoo kaka. Niko Shangani, Mtwara. Ramirezi wangu wametaga juu ya jiwe mara kadhaa, lakini kesho yake mayai yanageuka meupe na wazazi wanayala. Natumia maji ya kisima. Nimekosea wapi?

Marahaba. Hujakosea, chungulia tu ndani ya birika lako la chai. Ukikuta ukoko mweupe umeganda, maji yako ni magumu. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na chokaa yake inaingia visimani. Ramirezi kwao ni bonde la mto Orinoco, Venezuela na Kolombia, kwenye maji laini yenye asidi kidogo. Mwenyewe anavumilia maji magumu: anakula, ananawiri, hata anataga. Yai ndilo lisilovumilia. Linakufa, ukungu unaliotea, na wazazi wanalila ili kusafisha, kwa hiyo usiwalaumu.

Joto halina shida. Anapenda nyuzi 27 hadi 30, nasi tunampa bure bila hita. Maji laini utayapata masika. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga kwenye pipa la plastiki. Simtanki la saruji litakurudishia chokaa ileile. Badilisha robo ya maji ya tangi kila wiki, wasishtuke. Okota majani ya mti wa mkungu (si mkungu wa ndizi) yaliyokauka na kuanguka yenyewe, yaoshe, tia moja kwa kila lita 30 hivi. Maji yatafanana na chai ya rangi iliyopoa, na ndivyo wanavyoyataka. Mchanga wa baharini na vipande vya matumbawe vitoe vyote.

Ukiona kazi ni nyingi, soma jibu linalofuata.

Eti kuna sikilidi wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono? Wataweza Mikindani? Na magamba nayapata wapi?

Wapo, na kwa mtu wa pwani mwenye maji ya kisima hao ndio chaguo langu la kwanza. Sioni sababu ya kupigana na maji kwa ajili ya samaki wa Venezuela wakati wa Ziwa Tanganyika anayataka yalivyo. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Wafugaji huwaita multi. Dume hufika sentimita 4 na ushei, jike kama 3. Ziwani wanaishi kwa koo nzima juu ya malundo ya magamba matupu, kwenye maji magumu yenye pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) inayokaribia 9.

Tabu itakuwa joto, maana wao wanataka 24 hadi 27. Weka tangi mahali pa chini, mbali na dirisha linalopigwa na jua la jioni, ulifunike kwa wavu badala ya kioo, na feni ipulize juu ya maji. Itashusha nyuzi mbili hivi.

Tangi la lita 40 linatosha ukoo mmoja. Tandaza mchanga laini wa sentimita 5. Hapa mchanga wa pwani unafaa, mradi umeusuuza mpaka chumvi iishe. Magamba yako mashambani: pita chini ya mikorosho baada ya mvua, utakuta ya konokono waliokufa. Chukua madogo, yachemshe, kisha yanuse. Lenye harufu lirudi kwenye sufuria. Weka angalau mawili kwa kila samaki, la sivyo watagombana. Ufukweni usichukue lenye kaa ndani, na kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi usiokote kabisa.

Halafu kaa uwatazame. Dume anajaza mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka gamba linazama na kubaki tundu tu. Jike anataga humo ndani, wewe huoni kitu. Siku moja unapowalisha, ukingoni mwa tundu unaona macho mawili, kisha manne. Vifaranga usiwatenge, ukoo hauwali. Wape artemia (vijikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) walioanguliwa leo, au chakula kilichosagwa kama vumbi.

Umeme ukikatika saa nyingi, nitawaokoaje?

Usiwalishe. Chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, mara kwa mara, yaingie hewa. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo. Pampu ndogo ya betri ni bora zaidi. Chujio likizima kwa saa nyingi, bakteria wake wanakufa, kwa hiyo sponji isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi kabla hujawasha. Usitumie maji ya bomba yenye klorini.

Niko Masasi. Vifaranga wa kribi wangu wamekua, na karibu wote ni madume. Natumia maji ya mvua na mkungu.

Basi ni hayo maji. Kwa kribi wa Nigeria, asidi ikizidi wiki za mwanzo, madume wanakuwa wengi. Ongeza maji ya kisima hadi pH ikaribie 7. Kifuu cha nazi cha kutagia kiache palepale.

Samaki wamenizidi. Niwaachie Ziwa Rutamba, huku Lindi?

Hapana, ndugu yangu. Rutamba kuna perege wake, Oreochromis korogwe, na tayari sato walioletwa wamechanganya naye damu. Usiongeze wageni, hata wadogo. Wagawie majirani, au mpelekee muuza samaki wa mapambo akupe chakula badala yake. Ukikosa mtu wa kuwachukua, mtenge jike na dume mpaka apatikane.